Ulimi Uliofungwa na Hesabu ya Mali ya Umma

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi wetu hulinung'unikia barazani, kisha tukaenda zetu nyumbani: nalo ni kuwauliza tuliowachagua hesabu ya mali yetu.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka. Aliporejea alihesabiwa, naye akasema kuwa fungu hili ni lenu, na hili nimetunukiwa mimi. Mtume hakulimaliza jambo hilo faraghani. Alipanda mimbari, akauliza mbele ya watu: lau mtu huyo angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingalimfikia?

Hapa twapata mafunzo mawili. La kwanza, kila mwenye kushika mali ya watu huhesabiwa, hata akiwa sahaba. La pili, zawadi ile ilikifuata cheo, wala haikumfuata mtu. Na cheo ni amana.

Sasa na tuitazame nchi yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikuwaacha watawala watumie watakavyo. Mwaka wa fedha hwisha tarehe 30 Juni. Yampasa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kutoa ripoti katika miezi 6 ifuatayo. Na Bunge, au bunge la kaunti, huijadili ndani ya miezi 3 tangu kuipokea. Kifungu cha 226 chasema kwamba mtumishi wa umma aliyeidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo, awe yungali katika cheo au amekwisha kutoka. Na sheria ya mwaka 2016 yampa raia haki ya kuomba habari katika ofisi za serikali, naye ajibiwe ndani ya siku 21.

Basi sheria ipo. Ni nini kilichopungua? Twasema kwa uchungu, wala hatujitoi sisi wenyewe: kilichopungua ni ulimi. Wakati wa uchaguzi twapokea noti, kanga na unga; misikiti yetu yapokea majamvi na rangi, wala hatuulizi vimetoka wapi. Lau mtu huyo asingalitaka kura zetu, je, zawadi hiyo ingalitufikia? Swali lile la mimbarini latugeukia sisi! Na aliyekwisha kula tonge la mtu huona haya kumuuliza. Miaka 5 hupita, zahanati haina dawa, mfereji hautoi maji, nasi tungali barazani twanung'unika.

Hatusemi mtu asingiziwe pasina hakika. Hilo ni dhambi kubwa. Twasema: isomeni ripoti ya mkaguzi juu ya kaunti yenu, hudhurieni mikutano ya bajeti, andikeni barua kwa adabu, mkiuliza fedha fulani zilitumika wapi. Abu Bakr (R.A.), aliposhika ukhalifa mwaka 11 wa Hijra, aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyooshe akipotoka. Ikiwa yeye alitaka kunyooshwa, ni nani leo aliye mkubwa hata asiulizwe?

Na tuanze kwa kukikataa kile kitufungacho ulimi. Wabillahi taufiq.