Ukungu wa matunda, na gesi ya ozoni inayouzuia



Msimu wa maembe ukifika, sokoni huwa yanarundikana kuliko midomo ya kuyala. Baada ya siku tatu au nne nusu ya karai imeota ukungu, na mama aliyeyanunua kwa kuuza sehemu ya mgao wake anabaki na hasara. Wapo wanaouliza kama ni kweli kwamba nchi nyingine matunda hupuliziwa gesi yasioze. Ni kweli. Gesi hiyo inaitwa ozoni, na ukielewa inavyofanya kazi utaelewa pia namna ya kuyatunza matunda yako bila mashine.

Ukungu unaingiaje kwenye tunda?

Ukungu ni kiumbe hai. Huzaana kwa vimbegu vidogo sana vinavyopeperushwa na hewa. Lile vumbi la kijani unaloliona juu ya chungwa bovu ni vimbegu vyenyewe, mamilioni kwa mamilioni. Kimbegu kikianguka juu ya ganda zima la chungwa hakifanyi kitu, kinangoja jeraha. Ukucha wa mchumaji, mwiba, jiwe, au chungwa kuangushwa kutoka juu ya mti: hapo ndipo mlango unapofunguka.

Maembe, mapapai na maparachichi yana shida nyingine. Ugonjwa wa madoa meusi, unaoitwa chule, huingia tunda likiwa bado changa mtini, ukalala humo kimya mpaka tunda liive. Kwa hiyo usimlaumu muuzaji kila mara. Pengine embe lilikuwa limeshaugua kabla halijachumwa.

Ozoni ni nini?

Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii: hujibandika kwenye kitu chochote cha karibu na kukiunguza, kisha kinachobaki ni oksijeni ya kawaida. Ile harufu kali unayoisikia wakati mwingine radi ikipiga ni ya gesi hii. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906, na mwaka 2001 Marekani iliruhusu itumike kwenye vyakula.

Huko California wataalamu waliijaribu katika vyumba baridi vya kuhifadhia machungwa. Waliweka ozoni kidogo sana, sehemu 0.3 katika kila sehemu milioni moja za hewa, kwa nyuzi joto 5, wiki kadhaa mfululizo. Ukungu uliokuwa juu ya machungwa haukutoa vumbi lake, kwa hiyo haukuwachafua majirani. Lakini machungwa yaliyokwisha kupata ugonjwa kwenye jeraha yaliendelea kuoza, kwa sababu gesi haiingii ndani ya nyama ya tunda. Na yalipotolewa chumbani, ukungu ulianza tena kutoa vumbi. Yaani ozoni inazuia kuambukizana tu, tunda lililooza haiponyi.

Gesi inayounguza ukungu huunguza na mapafu. Huko Marekani mfanyakazi haruhusiwi kuvuta zaidi ya sehemu 0.1 katika milioni kwa zamu ya saa nane. Kiasi kilichotumika kwenye machungwa ni mara tatu ya hicho. Mtu akikuletea kimashine cha ozoni cha kuweka nyumbani mnamolala na watoto, usikinunue. Wala usijaribu kuiga kwa kufukiza matunda kwa dawa ya wadudu au unga wa klorini. Huo ni mchezo wa hatari.

Wewe ufanye nini?

Kazi ya ozoni, yaani kuzuia vimbegu visiruke kwenda kwa jirani, unaweza kuifanya kwa mikono yako. Kagua karai kila asubuhi, toa tunda lililoota ukungu taratibu bila kulitikisa, ulifukie mbali na nyumba. Kapu au gunia lililobeba matunda mabovu lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani siku nzima kabla ya kutumika tena. Watu wengi hupuuza hili la kapu, na ndilo linalowarudishia ukungu kila wiki.

Chuma tunda pamoja na kipande cha kikonyo, usilitikise mti. Panga matunda kwenye kichanja kivulini, tabaka moja, hewa ipite. Usiyafunike kwa turubai, maana joto na unyevu wa chini yake ndivyo ukungu unavyovipenda. Osha tunda kwa maji safi unapotaka kulila. Ukiosha mapema, lifute likauke kabisa.

Maembe yakizidi, yakate vipande vyembamba na kuyaanika kwenye wavu uliosafishwa na kuinuliwa juu, ukifunika chandarua kuukuu kilichofuliwa vizuri kisicho na dawa, ili nzi wasifike. Yakishakuwa magumu kama ngozi, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Tunda laini lililoota ukungu, kama embe, papai au nyanya, litupwe lote, hata kama doa ni dogo. Mizizi ya ukungu imekwisha kusambaa ndani.

Karanga na mahindi ni jambo zito zaidi

Ukungu wa embe mara nyingi utakupa hasara na tumbo kuuma. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuua. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Sumu hii haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kutengeneza pombe. Usimpe kuku au mbuzi nafaka hiyo, na karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu iteme.

Mtu aliyekula unga wa mahindi yaliyoota ukungu akitapika, akiumwa tumbo, macho yakawa ya njano au miguu ikavimba, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Chukua na unga kidogo katika mfuko uliofungwa vizuri, mganga auone, na uliobaki nyumbani mtu mwingine asiule.