Methanoli ya Siku Saba: Anza na Vifaa, Siyo na Chupa

Mwaka 2009 Toshiba iliuza Japani kifaa kiitwacho Dynario: seli ya mafuta ya kuchajia simu kwa methanoli. Tangi lake lilibeba mililita 14, za kuchaji simu mara mbili hivi. Sasa piga hesabu. Mililita moja ya methanoli ina nishati ya wati-saa 4.4, kwa hiyo tangi zima lilikuwa na kama 61. Betri ya simu ya enzi zile ilikuwa na wati-saa 3 au 4 tu. Nyingi kati ya zile 61 zilipotea njiani, hasa kama joto.

Ndiyo maana ukiifuata namba ya methanoli kwenye vitabu, utaishiwa katikati ya safari. Anza na vifaa, kisha urudi nyuma.

Tuseme unakwenda porini siku saba kupima miti. Kompyuta mpakato inayokula wati 15, ukiitumia saa tano kwa siku, inahitaji wati-saa 75. Betri ya simu huandikwa mAh, kipimo ambacho peke yake hakitoshi: zidisha kwa volti, ugawe kwa 1,000. Ya 5,000 mAh na volti 3.85 ni wati-saa 19. Ya kamera, 14. Jumla 108 kwa siku. Kuchaji nako hupoteza, basi gawa kwa 0.85 upate 127. Kwa siku saba ni 889.

Hapo ndipo methanoli inapoingia. Mashine za EFOY, seli za mafuta za kampuni ya Kijerumani SFC Energy, hutumia kama lita 0.9 kwa kilowati-saa, yaani ufanisi wa robo hivi. Kwa kiwango hicho unahitaji mililita 800. Ongeza sehemu ya tano, ubebe lita moja. Vifaa vidogo hula zaidi, kama Dynario ilivyoonyesha, hivyo pima chako mwenyewe: weka chupa kwenye mizani ya jikoni, chaji betri unayoijua, pima tena. Gramu zilizopungua, ukizigawa kwa 0.79, ni mililita ulizotumia.

Usichanganye wati na wati-saa. Wati-saa zinakupa mafuta, wati zinakupa ukubwa wa mashine. Wati-saa 127 kwa saa 24 ni wastani wa wati 5.3 tu, mradi kuna betri ya kati ya kubeba vilele vya matumizi.

Nunua methanoli safi, maana uchafu huharibu kichocheo kilicho ndani ya seli, na uandike jina kwenye chupa kwa herufi kubwa. Inafanana na spiriti, lakini kiasi kidogo tu hupofusha.

Ukisafiri kwa ndege, kanuni za kimataifa zinaruhusu katriji za mafuta ya seli zisizozidi mililita 200, na za akiba mbili tu kwa abiria. Lita yako itatangulia kwa gari.