Minnesota kwa Mshipi na Ndoano: Samaki wa Majira Manne

Mvuvi wa dagaa kule Mwanza hutazama mwezi. Giza likiingia hutoka na karabai, mbalamwezi ikirudi hukaa ufukweni akitengeneza nyavu. Joto la maji halimsumbui, kwa sababu Ziwa Victoria halibadiliki sana: juu ya maji utakuta nyuzi joto kati ya 23 na 28 karibu mwaka mzima. Sasa mpeleke mvuvi huyo Minnesota, kaskazini mwa Marekani, jimbo lenye maziwa 11,842 ya ukubwa wa ekari 10 na zaidi. Januari atakuta magari yameegeshwa juu ya ziwa. Julai, mahali pale pale, atakuta watoto wanaogelea. Samaki ni wale wale, ila wamehama kina, wamebadili chakula, na hata namna yao ya kula si ile ya mwanzo.

Nawaandikia wanaokwenda huko kumtembelea ndugu, na si wachache, maana vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park vina Wakenya wengi. Nawaandikia pia waliokwisha kuhamia na wanapita kando ya ziwa kila siku bila kuwahi kutupa ndoano. Neno langu kubwa ni hili: kabla ya kuuliza chambo gani, uliza maji yana joto gani.

Leseni kwanza

Mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anahitaji leseni. Mgeni anaweza kununua ya saa 24, ya saa 72, ya siku 7 au ya mwaka, mtandaoni au kwenye maduka ya chambo, ambayo utayaona kando ya barabara karibu na kila ziwa kubwa. Mwaka wa leseni huanza Machi 1, basi ukinunua ya mwaka mzima mwezi Februari utaitumia siku chache tu.

Kwa kawaida mtu mmoja anaruhusiwa mshipi mmoja maji yakiwa wazi, na miwili akivua kwenye tundu la barafu. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa kuchukua hutofautiana ziwa kwa ziwa, na hubadilika. Chukua kijitabu cha kanuni dukani, kisha soma bango lililosimikwa pale boti zinaposhushwa majini. Maziwa mengine yana historia ya kuheshimiwa. Katika Ziwa Mille Lacs, haki ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kuvua samaki inatokana na mkataba wa mwaka 1837, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Red Lake ya Chini yote, na sehemu ya Red Lake ya Juu, ni mali ya taifa la Waojibwe wa Red Lake, na mgeni haruhusiwi kuvua humo kwa leseni ya jimbo.

Samaki utakaokutana nao

Mfalme wa huko ni wolai, samaki rasmi wa jimbo tangu 1965. Ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, na macho makubwa ya kioo yanayong'aa kama ya paka ukiyamulika. Macho hayo ndiyo siri ya kumvua. Huona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko samaki wadogo anaowala, kwa hiyo hutoka kuwinda alfajiri, magharibi, usiku, na siku za mawingu upepo unapovuruga uso wa maji. Siku ya jua kali na maji tulivu, mwache apumzike.

Wa pili ni paiki, mrefu kama gogo, mdomo wake umejaa meno. Funga kipande cha waya kabla ya ndoano, la sivyo ataukata mshipi mara moja. Besi wa mdomo mpana si mgeni kwa Mkenya: jamaa zake wako Ziwa Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, walikopandikizwa kutoka Marekani. Wapo pia pachi wa manjano na krapi, wadogo na watamu, wanaomfaa mtoto au anayeanza. Kwenye maziwa yenye kina kirefu na maji baridi, karibu na mpaka wa Kanada, kuna trauti wa ziwani.

Machipuko: kutembea polepole

Barafu huyeyuka kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Mei, kusini kwanza, kaskazini baadaye. Paiki huanza kutaga mara tu barafu inapoondoka, kwenye majani yaliyofurikwa na maji. Wolai hufuata maji yakifika nyuzi 5 hadi 10, kwenye mawe na midomo ya mito. Msimu wake hufunguliwa Jumamosi moja ya katikati ya Mei, siku ambayo jimbo zima huichukulia kama sikukuu.

Wakati huo damu ya samaki bado ni baridi. Tumia jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito kilichoyeyushiwa juu yake, nyepesi ya gramu 3 hadi 4, na uchomeke kisamaki hai kupitia mdomoni. Tafuta maji ya mita 2 hadi 4, upande ambao upepo unasukumia mawimbi. Inua jigi kiasi cha shubiri, ishushe, isubiri iguse chini. Ukidhani unakwenda polepole, punguza tena. Wolai hamshtui mvuvi: utahisi mshipi umekuwa mzito kidogo, kama umegusa kitambaa kilicholowa. Hapo ndipo pa kuvuta.

Usinunue ruba mapema mno. Niliwahi kuwatia majini mwanzoni mwa Mei. Kila aliyeguswa na baridi ya ziwa alijikunja akawa kidonge cheusi kwenye ndoano, na hakuna samaki aliyemtazama. Ruba yule yule, maji yakipita nyuzi 10, hunyooka na kupepea kama utepe, na hakuna chambo kinachomshinda.

Kiangazi: kina na giza

Juni ni mwezi wa ruba. Mfunge chini ya boya linaloteleza kwenye mshipi, mwache aelee juu ya mawe chini ya maji, jua likizama. Huko Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo mtu akitoka kazini bado ana saa kadhaa za kuvua.

Julai na Agosti maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, ya chini hubaki baridi na mazito, na katikati hutokea mpaka ambao mtu anayepiga mbizi anauhisi mwilini. Wolai wengi hushuka mita 6 hadi 10. Mille Lacs, iliyo kiasi cha kilomita 160 kaskazini mwa Minneapolis, kina chake cha juu hakizidi mita 13, na samaki wake husambaa kwenye miinuko ya matope katikati ya ziwa. Hapo tumia nyungunyungu mkubwa, nyuma ya chubwi inayoteleza. Mtindo huo ulipewa umaarufu na ndugu wawili wa mji wa Brainerd, Al na Ron Lindner. Faida yake ni kwamba samaki anapochukua chambo mshipi hupita ndani ya chubwi, naye hahisi uzito wowote. Mpe nafasi, hesabu hadi tano, kisha vuta.

Kama huna boti, usihuzunike. Kuna magati ya umma ya kuvulia kwenye maziwa mengi, hata ndani ya Minneapolis kwenyewe. Besi hujificha chini ya magati na kwenye magugu, hivyo tupa mnyoo wa plastiki usio na chubwi kando ya kivuli na uuache uzame wenyewe. Alfajiri, chura wa mpira juu ya majani ya yungiyungi huamsha mlipuko wa maji. Paiki wa kadiri utampata kwa kijiko, yaani kibati kilichopindwa kinachometameta kikivutwa. Rangi nyekundu na nyeupe imedumu vizazi kwa sababu inafanya kazi. Paiki wakubwa sana hawapendi joto, nao hukimbilia kwenye maji baridi ya chini. Ukimkamata mmoja Agosti, usimchezee muda mrefu. Mrudishe haraka, maana joto huwaua hata baada ya kuachiwa.

Majani yanapopukutika: wakubwa wanakula

Septemba maji ya juu hupoa hadi yalingane na ya chini, na upepo huyachanganya yote. Kwa wiki moja au mbili samaki hutawanyika ovyo na uvuvi huwa mgumu. Usilaumu chambo chako. Hamia ziwa dogo ambalo limekwisha kuchanganyika, au ambalo bado.

Baada ya hapo huja wiki nzuri kuliko zote kwa anayetaka samaki mkubwa. Samaki wanajilimbikizia mafuta ya baridi, kwa hiyo ongeza ukubwa wa chambo: visamaki vya urefu wa kidole cha kati hadi kiganja. Oktoba, giza likiingia, wolai husogea hadi karibu na ufuko wa mawe, na unaweza kumvua umesimama nchi kavu kwa chambo bandia chenye umbo la samaki. Rapala, kilichobuniwa Finland na Lauri Rapala mwaka 1936, kinawafaa sana. Wavuvi wa sangara Ziwa Victoria wanakijua chambo hicho hicho. Vaa koti la kuokolea maisha kila ukipanda boti msimu huu. Maji ya nyuzi 8 hukata pumzi, na mikono hupoteza nguvu dakika chache tu baada ya kutumbukia, hata kwa mwogeleaji hodari.

Majira ya baridi: juu ya barafu

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Barafu nayo ni hivyo hivyo. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri sentimita 10 za barafu mpya, safi na ngumu kwa mtu anayetembea, kiasi cha sentimita 25 kwa gari dogo, na sentimita 33 kwa lori dogo. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ina nguvu nusu tu, kwa hiyo zidisha vipimo hivyo mara mbili. Toboa na upime kila baada ya hatua kadhaa, epuka midomo ya mito, na vaa shingoni jozi ya misumari yenye vishikio, itakayokusaidia kujivuta ukizama. Mara ya kwanza uende na mwenyeji, au ukodi kibanda chenye jiko. Wapo wanaowapeleka wageni hadi kibandani na kuwarudisha.

Chini ya barafu maji mazito zaidi ni ya nyuzi 4, nayo hukaa chini, kwa hiyo samaki wengi hukaa karibu na sakafu ya ziwa. Shusha kibati kidogo kilichochomekwa kichwa cha kisamaki, kiguse chini, kiinue sentimita 30, ukitikise mara mbili, kisha ukitulize. Wolai mara nyingi huchukua wakati wa utulivu. Kwa pachi na krapi, buu mmoja kwenye ndoano ndogo anatosha. Desemba jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na nusu saa kabla na baada ya hapo ndiyo inayolipa. Utasikia ziwa likinguruma chini ya miguu yako kama radi ya mbali. Usikimbie: barafu inatanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya baridi. Ya kuogopwa ni barafu usiyoipima.

Katika maziwa ya ndani msimu wa wolai na paiki hufungwa mwishoni mwa Februari. Machi kuna pachi, jua la kupendeza, na barafu inayooza kutoka kingoni. Ukiona maji meusi ufukweni, rudi nyumbani.

Mezani

Minofu ya wolai ni myeupe, na inakubali pilipili, ndimu na ugali bila ubishi. Ukisafirisha minofu, acha kipande cha ngozi cha sentimita 2.5 kila upande ili askari wa wanyamapori atambue aina ya samaki. Samaki wakubwa wawindaji hukusanya zebaki mwilini, hivyo wajawazito na watoto wale samaki wadogo wadogo, na mara chache, kwa kufuata ushauri unaotolewa kwa kila ziwa. Wakubwa wanaotaga warudishe majini. Hao ndio mbegu ya kesho.

Kabla ya kuondoka ziwani

Vuta kizibo cha boti maji yatoke yote. Ondoa kila jani lililonasa. Visamaki vilivyobaki visimwagwe ziwani, na nyungunyungu wasitupwe msituni, kwa sababu misitu ile haikuwa na nyungunyungu wa asili. Watie kwenye pipa la taka. Acha chubwi za risasi, nunua za chuma au bati, maana luni, ndege wa jimbo hilo, akimeza risasi hufa.

Masharti haya yataonekana mengi kwa mgeni. Lakini sisi tumeona magugu maji yakifunga ghuba za Ziwa Victoria hadi mitumbwi ikashindwa kutoka, na tumeona samaki wa asili wakipotea baada ya sangara kuingizwa. Mille Lacs tayari ina kome wenye milia walioletwa na vyombo vya watu. Tukiwa wageni kwenye maji ya wenzetu, tuyaache kama tulivyoyakuta. Kizibo cha boti huvutwa kwa sekunde moja.