Mashine ya boti imechoka? Zibua ekzosi, usiikate

Mto Tana ukifurika, barabara kati ya Garissa na Madogo hukatika na watu huvushwa kwa boti, kama ilivyotokea Novemba 2023 na tena Aprili 2024. Msimu huo kila nahodha hutaka mashine yenye nguvu zaidi, na hakosi wa kumwambia akate bomba la ekzosi au atoboe mguu wa mashine ili "ipumue". Kabla hujashika msumeno, jua moshi unapita wapi.

Ukitoka kwenye silinda, moshi hushuka ndani ya mguu, huchanganyika na maji ya kupoozea, kisha katika mashine nyingi hutokea katikati ya propela, chini ya maji. Mashine ikinguruma bila gia, moshi hupitia tundu dogo la nyuma, juu ya maji. Kwenye mashine za petroli iliyochanganywa na oili, bomba la ndani limepimwa urefu na upana. Wimbi la mgandamizo hurudi humo na kuizuia petroli mbichi isitoroke. Ukilifupisha, petroli hiyo hutoka kabla ya kuungua. Huenda ukapata mzunguko zaidi kwenye kasi ya juu, lakini nguvu ya kuondoka na mzigo dhidi ya mkondo itapungua. Kelele nayo huzidi, na nahodha wa uokoaji asiyemsikia aliyekwama juu ya mti hana faida na kasi yake.

Fuata hatua hizi badala yake.

1. Ondoa masizi. Oili ikizidi, masizi huganda kwenye mlango wa ekzosi na kuuziba. Fungua kifuniko cha ekzosi, zungusha mashine kwa mkono hadi pistoni ifunge mlango, kisha kwangua kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi. Pangusa uchafu wote, weka gasketi mpya, na ukaze bolti kwa zamu, za katikati kwanza. Baada ya hapo chunga vipimo: mashine nyingi za kuchanganya oili hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

2. Kagua maji ya kupoozea. Maji ya mafuriko ya Tana yamejaa mchanga na tope, na mchanga hula impela ya pampu. Maji yanayochuruzika pembeni mwa mashine yakidhoofika, zima. Moshi usiopozwa huweza kuyeyusha mpira ulio ndani ya propela. Kazi ikiisha, washa mashine ndani ya pipa la maji safi kwa dakika kumi, bila gia.

3. Pima kimo. Bamba bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au juu yake kidogo. Mguu ukizama mno, moshi husukumana na maji mengi na mashine hukosa pumzi, hasa boti ikijaa watu.

4. Badilisha propela. Kwa mizigo, chagua yenye mkunjo (pitch) mdogo. Kila inchi moja unayopunguza huongeza takriban mizunguko 200 kwa dakika. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kitabuni.

5. Ukisisitiza kutoboa, toboa propela ya akiba. Njia hii ni ya propela zinazopitisha moshi katikati tu. Toboa kitovu nyuma ya kila panga, matundu yalingane, ukianza na milimita 6. Moshi ukivujia kwenye mapanga, propela huzunguka upesi wakati wa kuondoka. Yakiwa makubwa kupita kiasi, propela itapiga povu na boti isisonge. Propela iliyoharibika hubadilishwa kwa dakika chache, lakini mguu uliokatwa ni hasara ya mashine nzima.

Baada ya kila badiliko, jaribu boti ikiwa na mzigo uleule, kwenda juu na kushuka, uchukue wastani, kwa sababu mkondo hudanganya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, usije ukashindwa kujua kilichosaidia.

Kumbuka, mashine yenye nguvu haihalalishi kujaza boti kupita kiasi. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti ilipinduka kwenye mafuriko upande wa Madogo na watu wakafa. Vesti za kuokolea maisha zitangulie, nguvu ya mashine ifuate.