Saratani ya Tezi Dume na Dawa Lengwa: Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye

Tunduma, mkoani Songwe, ni mji wa mpakani, na mpakani hazipiti bidhaa peke yake. Habari nazo hupita, zikiwamo za dawa mpya, ziitwazo dawa lengwa, zinazosemekana kuzima saratani ya tezi dume kwa kuziba milango ya kichocheo cha ukuaji kwenye seli. Nyingine ni za kweli, nyingine zimetiwa chumvi. Katika makala haya daktari wa magonjwa ya mfumo wa mkojo anajibu maswali ambayo wanaume wa Songwe na familia zao huuliza mara kwa mara.

Swali: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mkulima wa kahawa Mbozi, nimevuka miaka 50. Siku hizi naamka usiku mara nne kukojoa. Je, hii ni saratani?

Jibu: Nzuri, mzee wangu. Usihukumu kwa dalili hiyo peke yake. Tezi dume ni kiungo kidogo chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Umri ukisogea, tezi hiyo hutanuka kwa wanaume wengi bila saratani yoyote, ikabana mrija. Mkojo unakuwa wa kukatikakatika, na usiku hulali vizuri.

Saratani mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija, ndiyo maana inaweza kukua muda mrefu bila kumsumbua mtu. Wengi hufika hospitali wakilalamikia mgongo au nyonga, kumbe ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya takriban milioni 1.47, na waliokufa walikaribia 397,000. Hapa Tanzania ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume. Anayepaswa kuwa macho zaidi ni yule ambaye baba au kaka yake amewahi kuugua. Wanaume wenye asili ya Afrika nao wana hatari kubwa zaidi: kule Marekani, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu karibu mara mbili ya wazungu.

Swali: Hicho "kichocheo cha ukuaji" ni kitu gani? Na kipokezi chake?

Jibu: Seli ya mwili haijigawi ovyo, husubiri ishara. Vichocheo vya ukuaji ni protini zinazotolewa na seli jirani au kuletwa na damu. Kichocheo kinaponasa kwenye kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli, kipokezi hicho huamsha protini za ndani, moja ikaiamsha nyingine, mpaka ishara ifike kwenye kiini na seli ianze kugawanyika. Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini, waliogundua vichocheo vya aina hii, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Katika baadhi ya saratani vipokezi huwa vingi kupita kiasi, au hubaki vimewaka muda wote hata pasipo kichocheo. Hapo wataalamu wakatengeneza dawa za aina mbili. Aina ya kwanza hutiwa kwa dripu na kukizuia kipokezi kwa nje. Ya pili ni vidonge vinavyoingia ndani ya seli na kukata ishara. Dawa iitwayo trastuzumabu, inayozuia kipokezi cha HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani ya matiti, na wanawake wengi wameishi kwa sababu yake. Ni halali kabisa mwanamume kuuliza: na sisi je?

Swali: Ndiyo, na nyinyi mmetufanyia nini? Dawa hizo zilijaribiwa kwenye tezi dume?

Jibu: Zilijaribiwa, tena kwa bidii. Trastuzumabu haikusaidia, kwa sababu wingi wa HER2 unaoonekana kwenye baadhi ya saratani za matiti ni nadra kwenye tezi dume. Gefitinibu, kidonge kinachozuia kipokezi cha EGFR, nacho kilitoa matokeo hafifu.

Yakafuata majaribio makubwa. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wanaume 1,050 waliopewa tibakemikali ya doketakseli, nusu yao wakiongezewa bevasizumabu, dawa inayokinasa kichocheo cha mishipa ya damu kabla hakijafika kwenye kipokezi chake. Walioongezewa waliishi miezi 22.6 na wenzao 21.5, tofauti ndogo isiyoweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya dawa. Juu ya hayo, vifo vilivyotokana na matibabu vilikuwa vingi zaidi upande wao.

Mwaka 2016 ikaja zamu ya kabozantinibu, inayozuia vipokezi kadhaa kwa mpigo, kwa wanaume 1,028. Picha za mifupa zilipendeza: asilimia 42 walionekana kupata nafuu, dhidi ya 3 tu upande wa pili. Lakini waliishi miezi 11.0 dhidi ya 9.8, na tofauti hiyo pia haikutosha kuthibitisha chochote. Jambo hili nalisisitiza kila ninapopata nafasi: picha kupendeza na mtu kuishi zaidi ni mambo mawili.

Swali: Kwa nini zishindwe kwetu na zifanye kazi kwa akina mama?

Jibu: Sababu ya kwanza ni kwamba saratani ya tezi dume huendeshwa hasa na homoni ya kiume, testosteroni. Kipokezi cha homoni hiyo kiko ndani ya seli, si juu yake.

Sababu ya pili, ishara zina njia nyingi. Watu wa Tunduma wanalijua hili kuliko mimi: ukifunga geti la forodha ukaacha njia za panya wazi, mzigo utavuka tu. Seli ikizuiwa EGFR, hutumia vipokezi vingine. Mwaka 1999 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba ishara za HER2 zinaweza kukiamsha kipokezi cha homoni ya kiume hata homoni yenyewe ikiwa kidogo sana.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Ndani ya seli kuna protini iitwayo PTEN, ambayo kazi yake ni kuituliza ishara inayopitia protini nyingine iitwayo AKT. Saratani nyingi za tezi dume, hasa zilizosambaa, zimeipoteza PTEN. Ikishapotea, AKT hubaki imewaka bila kungoja amri ya kipokezi cha juu. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kuziba kipokezi cha juu ni kumchosha bure. Na katika majaribio yale ya mwanzo, wanaume walipewa dawa kwa ujumla wao, bila kupima kwanza saratani ya kila mmoja inaendeshwa na nini.

Swali: Kwa hiyo mlango umefungwa?

Jibu: Hapana. Watafiti walihama kutoka kwenye kipokezi wakaifuata ishara chini, kwenye AKT, na safari hii walipima kwanza. Waligundua pia kwamba njia ya AKT na njia ya homoni hutazamana: ukizuia moja, nyingine hupanda. Kwa hiyo inabidi zizuiwe pamoja.

Mwaka 2021 dawa iitwayo ipatasertibu, ikipewa pamoja na abirateroni, kidonge cha kupunguza homoni ya kiume, ilichelewesha ugonjwa kuendelea kwa wanaume waliopoteza PTEN, miezi 18.5 dhidi ya 16.5, ila haikurefusha maisha. Kisha kapivasertibu ikajaribiwa kwa wanaume waliothibitishwa kuwa na upungufu wa PTEN na ugonjwa uliosambaa. Ikiongezwa kwenye tiba ya homoni na abirateroni, ilichelewesha ugonjwa kwa zaidi ya miezi 7. Gharama yake mwilini si ndogo: kuhara, vipele, sukari kupanda. Ni hatua ya kweli, na kilichoiwezesha ni kipimo kilichotangulia dawa.

Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu yuko Vwawa, saratani imefika kwenye mifupa. Ameshauriwa aondolewe korodani. Mjomba anasema hiyo ni tiba ya zamani, tuuze shamba tumpeleke India akapate dawa lengwa. Tumsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Poleni sana. Msiuze shamba bado.

Tiba hiyo ni ya zamani kweli. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba kuiondoa homoni ya kiume huirudisha nyuma saratani ya tezi dume, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Miaka zaidi ya 80 baadaye bado ni msingi wa matibabu ya ugonjwa uliosambaa, popote duniani, India ikiwamo. Hata kapivasertibu niliyoitaja hupewa juu ya msingi huo, si badala yake. Homoni inaweza kupunguzwa kwa sindano kama goserelini, ambazo lazima zirudiwe kila baada ya muda, au kwa upasuaji mdogo unaofanywa mara moja tu. Kwa familia iliyo mbali na yenye kipato cha msimu, upasuaji huo una faida: haukatizwi na uhaba wa nauli wala dawa kuisha.

Juu ya msingi huo kuna nyongeza zenye ushahidi mzito. Doketakseli ikianzishwa mapema ilirefusha maisha kutoka miezi 44.0 hadi 57.6 katika jaribio moja kubwa. Abirateroni katika jaribio jingine ilitoa miezi 53.3 dhidi ya 36.5, na tangu mwaka 2019 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Linganisheni miezi hiyo na ile ya dawa za kuziba vipokezi.

Na zungumzeni na mzee kwa heshima. Ataogopa kwamba uanaume wake unaondolewa. Ni kweli hamu ya tendo la ndoa itapungua, atahisi joto la ghafla, na mifupa itahitaji mazoezi na uangalizi. Aambiwe yote hayo mapema, mama akiwepo, kisha aamue mwenyewe. Heshima ya mzee nyumbani haikai kwenye korodani.

Swali: Mimi ni dereva wa lori. Kuna vidonge vinauzwa mpakani kwa ajili ya tezi dume, havina boksi wala karatasi ya maelezo. Vipo na vya mitishamba. Je, nitumie huku nikisubiri nafasi ya kwenda hospitali?

Jibu: Usitumie, ndugu yangu. Dawa ambayo haijasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hujui ndani yake kuna nini. Abirateroni, kwa mfano, hupewa pamoja na dawa ya aina ya steroidi, na mgonjwa hupimwa ini, presha na chumvi za damu. Ukiimeza kienyeji unaweza kudhurika moyo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Finasteridi, dawa halali ya tezi iliyotanuka, hushusha kwa karibu nusu kipimo cha PSA, kipimo cha damu kinachotumika kuchunguza tezi dume. Daktari asipojua unaitumia, atasoma namba ndogo akuambie uko salama. Kila unachomeza, mizizi ikiwamo, kitaje.

Swali: Nikiwa Tunduma, nianzie wapi?

Jibu: Anzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, uombe kuchunguzwa tezi dume. Kipimo cha damu cha PSA na uchunguzi wa kidole kwenye njia ya haja kubwa husaidiana. PSA hupanda pia kwa maambukizi, kwa tezi iliyotanuka au kwa mpira wa mkojo, kwa hiyo namba kubwa si hukumu. Kinachothibitisha saratani ni kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi na kusomwa na mtaalamu. Rufaa hupanda kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, kisha ya Kanda Mbeya, na anayehitaji mionzi anaweza kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Karatasi ya majibu ya kinyama msiipoteze; kila daktari ataitaka.

Mgonjwa mwenye saratani akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja, msisubiri asubuhi. Uti wa mgongo umebanwa, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu uwezo wa kutembea.

Na mtu yeyote akikutajia dawa lengwa, awe daktari, ndugu au muuzaji, muulize maswali matatu: kipimo gani kimeonyesha saratani yangu inaifaa dawa hiyo? Wenzangu walioitumia waliishi zaidi, au picha zao tu ndizo zilizopendeza? Na tiba ya homoni nimeshapewa ipasavyo? Asipokuwa na majibu, fedha yako ibaki mfukoni. Lakini umri wako ukiwa umevuka 50, au 45 kama baba au kaka yako aliugua, usingoje kutajiwa dawa yoyote. Zungumza na daktari kuhusu kupima sasa, ukiwa bado unatembea kwa miguu yako na hakuna kinachouma.