Lori la umeme likija Kihurio, hesabu uniti kwanza

Lori linalopakia mpunga Kihurio kwenda Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita 300 mbele yake: Mkomazi, Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze. Dereva wa dizeli hujaza tangi mara moja akafika. Mwenye lori la umeme ana hesabu nyingine, na wakulima waijue kabla chama chao hakijaingia mkopo.

Semitrela la tani 40 likiwa na mzigo hula uniti moja na robo hivi kwa kilomita. Ni uniti ileile unayonunua kwa LUKU. Safari moja ya Dar ni zaidi ya uniti 400, na betri ya kuzibeba, pamoja na akiba kidogo, ina uzito wa zaidi ya tani 3. Hata ukiondoa injini ya dizeli, bado umepoteza nafasi ya magunia kadhaa, maana sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha uzito wa gari na mzigo wake, juu kabisa tani 56, na mizani hupima betri pamoja na mpunga.

Kuchaji ndiko kugumu zaidi. Chukua transfoma ya kVA 100, ya kawaida vijijini. Ukilipatia lori hilo umeme wake wote, nyumba zote gizani, litakaa zaidi ya saa nne. Nchi haina uhaba wa kuzalisha: bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Kinachokosekana ni laini nene ya kuufikisha umeme huo pale malori yanapolala.

Kwa masafa marefu, mimi naona reli iko mbele. Treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, huchukua umeme kwenye waya juu yake, haibebi betri ya safari nzima. Reli ya zamani ya Tanga kwenda Moshi inapita Mkomazi, ila bado ni ya dizeli.

Lakini tazama milimani. Gari la tangawizi ya Mamba Miamba hupanda tupu na kushuka limejaa. Lori la umeme likishuka, mota yake hugeuka jenereta: inazuia mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, na breki hazichemki upesi. Uswisi wana lori la machimbo, eDumper, linaloshusha mawe kwa mtindo huohuo na karibu halihitaji kuchajiwa. Safari fupi za namna hiyo ndizo za kuanzia kwetu, tena kwa gari la ukubwa wa Fuso.

Muuzaji akija na karatasi ya kilomita, ujue huenda zilipimwa kwenye lami tambarare. Mwombe apakie tani zenu, apite njia yenu siku ya matope, kisha msome pamoja uniti zilizobaki. Muulize pia betri ikichoka nani ataibadilisha, na kwa bei gani, na ayaandike kwenye mkataba.