Unanunua Mtaa, Si Kuta: Ya Kufanya na ya Kuacha Unapotafuta Nyumba Dar es Salaam

Nimethamini nyumba za jiji hili muda mrefu wa kutosha kujua wanunuzi wanapoumia. Nyumba wanaikagua vizuri: wanagonga vigae, wanafungua mabomba, wanapanda darini. Mtaa hawaukagui, na mtaa ndio usiokarabatika. Bati utabadilisha, choo utajenga upya. Majirani, mkondo wa maji na baa iliyo nyuma ya ukuta utabaki navyo. Akili unazo. Kinachokuponza ni haraka.

FANYA: Tembea mtaa kwa miguu, tena saa mbaya

Nenda peke yako. Shuka kituoni kama mkazi anavyoshuka, utembee hadi mlangoni. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, panda daladala kutoka hapo hadi kazini kwako, umesimama kama wenzako. Rudi Jumamosi saa nne usiku. Kisha rudi Aprili, masika ikiwa imekolea, uone barabara inavyopitika. Mtaa uliouona saa tano asubuhi ya Agosti bado hujauona.

Ukiwa huko, tazama watu wanavyoishi. Je, kuna wanaokaa barazani jioni? Kuna genge, fundi cherehani, kijiwe cha kahawa chenye wazee? Ingia dukani, ununue sabuni, uangalie kama mwenye duka ana daftari la madeni. Mangi anayekopesha anawajua wateja wake kwa majina na anajua watakuwepo mwisho wa mwezi. Duka la namna hiyo linakueleza habari za mtaa kuliko tangazo lolote.

Uliza pia msiba wa mwisho ulikwendaje. Nani alileta turubai, nani alipika, nani alikesha na wafiwa? Penye mtaa hai utajibiwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Ukijibiwa kwamba kila mtu yuko na mambo yake, amini. Siku yako ikifika, itakuwa vivyo hivyo.

USIFANYE: Usionyeshwe mtaa ukiwa ndani ya gari la dalali

Dalali anajua njia isiyopita dampo, na anajua saa ambayo muziki haujawashwa. Mteja wangu mmoja alionyeshwa nyumba Sinza Jumanne mchana, kimya kabisa, akalipa. Ijumaa ya kwanza kitanda kilitetemeka hadi alfajiri. Dalali hakumdanganya kwa neno hata moja, alichagua siku tu.

Usinunue, halafu uanze kupambana na ulichokikuta. Adhana na mikesha ya kanisani vilikuwepo kabla yako. Kama vitakukera, tafuta kwingine leo.

FANYA: Jua mtaa ulianzaje

Mitaa hailingani kwa sababu haikuzaliwa namna moja. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilitoa viwanja, barabara na maji, watu wakajijengea wenyewe kidogo kidogo. Ndiyo maana Sinza unaweza kutembea kutoka nyumba hadi soko bila kupotea, na ndiyo maana majirani wake wa mwanzo walijuana: walijenga pamoja, wakiazimana mafundi. Ujirani huo bado upo katika mitaa ya ndani, licha ya baa za barabarani.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulizaa Bunju, Mivumoni, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Huko kuna nafasi na mpangilio, lakini wengi walinunua viwanja wakaviacha vichaka kwa miaka. Kwa hiyo ukienda huko, hesabu taa zinazowaka usiku. Nyumba yenye vichaka pande tatu ni nyumba ya upweke, hata kama ramani yake imenyooka.

Nenda halmashauri ukaone mchoro wa mipangomiji. Uwanja ambao watoto wanachezea mpira mbele ya nyumba huenda umeandikwa eneo la wazi, huenda umeandikwa biashara. Tofauti yake ni mti wa kivuli au kituo cha mafuta.

USIFANYE: Usihadaike na ukuta na geti

Watu wanaona kuta ndefu zenye nyaya za umeme, wanasema pametulia. Hapajatulia, pana upofu. Mwizi akisharuka ukuta wa mita tatu, hakuna jirani anayemwona, naye anafanya kazi yake kwa nafasi. Penye baraza, michongoma mifupi na bibi anayeuza maandazi kwenye kona, mgeni huulizwa anamtafuta nani kabla hajafika mlango wa pili.

FANYA: Fuata maji yanakokwenda

Simama getini uangalie mteremko. Tafuta alama za matope kwenye kuta za jirani na ngazi zilizoinuliwa bila sababu. Waulize wapangaji, usimuulize mwenye nyumba: mpangaji hana cha kuficha. Onja maji ya kisima, maana visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na kuishi kwa maboza ni gharama ya kila wiki.

USIFANYE: Usinunue bondeni wala kwenye hifadhi ya barabara, hata kwa bei ya bure

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulipofurika, watu walikufa, na familia zilizookolewa zikapelekwa Mabwepande kuanza maisha upya. Mwaka 2017 nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Baadhi zilikuwa za miaka mingi, zina maua, zina makaburi ya wazazi. Uzuri wa mtaa haukuzuia tingatinga. Ukiona ukuta uliopakwa rangi mpya sehemu moja tu, uliza kama chini yake hakuna X nyekundu ya bomoabomoa.

FANYA: Peleka karatasi kwa wakili kabla hujapenda

Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Dai ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Kwenye mitaa ya zamani kama Magomeni na Ilala, nyumba nzuri mara nyingi ni za urithi: dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi.

USIFANYE: Usitoe kishika uchumba kwa sababu umeambiwa kuna mteja mwingine

Huyo mteja mwingine yupo kila nyumba. Nimemwona mtu akimlipa mtoto mkubwa wa marehemu, kisha dada wanne wakaenda mahakamani. Muhuri wa serikali ya mtaa ulikuwepo kwenye mkataba. Haukumsaidia, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa anashuhudia tu. Hamiliki nyumba ya mtu.

FANYA: Jitambulishe wiki ya kwanza

Nenda kwa mjumbe, kisha nyumba za kulia, kushoto na mbele. Uliza mchango wa ulinzi na wa taka unakusanywa na nani, ulipe mwezi huo huo. Toa namba yako ya simu.

USIFANYE: Usianze kwa kukata mti na kuinua ukuta

Ulivutiwa na mwembe, na baraza, na watu waliokusalimia ukipita. Ukiufyeka mwembe upate maegesho na kuliziba baraza kwa tofali, atakayenunua nyumba ya jirani hatakuta ulichokikuta wewe. Kaa mwaka mzima kabla hujamwita fundi wa ukuta. Gari liegeshe pembeni.